Sura ya Saba: Tangi Hujazwa kwa Dumu

Msafiri anayetoka Bukoba kwenda Karagwe anayaacha maji nyuma yake. Mji wa Bukoba umekaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria na hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ukifika Kyaka, ukaiacha barabara ya Mutukula na kuanza kupanda kuelekea Bugene na Kayanga, mvua inapungua hadi kiasi cha nusu ya hiyo. Nyumba nyingi na migomba yake zimekaa juu, migongoni mwa vilima, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kati ya nyumba na chemchemi kuna mteremko ambao mtu huushuka na dumu tupu, kisha akaupanda na kilo 20 za maji.

Sura hii ni ya yule anayepita huko na gari la kupigia kambi: Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au basi dogo lililowekewa kitanda, jiko na sinki, na chini ya kitanda tangi la maji safi la lita 60, 100 au zaidi. Ana sababu nzuri ya kwenda. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi, yakawa Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa na Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe, pamoja na Burigi-Chato iliyo kusini zaidi. Ibanda inapakana na Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda na Uganda. Lakini asitarajie kila atakapolala kukuta bomba lenye mpira mrefu wa kuingiza maji garini huku yeye akinywa chai. Huku maji yatakuja kwa dumu, nalo tangi litajazwa kwa mikono.

Nina jambo moja la kusema, na mengine yote yanalifuata hilo: maji ya tangini hayawezi kuwa safi kuliko dumu chafu kuliko yote lililomiminwa humo. Tangi la lita 100 ni madumu matano. Kila dumu lina chanzo chake, njia yake, kifuniko chake na mkono ulioligusa. Manne yakiwa safi na moja likiwa chafu, yote matano yamechafuka, na hutajua lipi lilikuwa lenye kosa. Ndiyo maana kazi ya kujaza tangi inaanzia bombani au kisimani, mbali kabisa na gari, na ujuzi wake mkubwa wanao akina mama na vijana wa miji midogo ya huku, Nkwenda, Kaisho na Omurushaka, ambao hubeba maji kila siku.

Kutoka debe hadi dumu

Kabla ya dumu kulikuwa na mtungi na kibuyu, halafu likaja debe. Debe lilikuwa kopo la bati la mafuta, la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kitu. Mafuta yakiisha lilikatwa kifuniko, likapigiliwa kipande cha mti juu kuwa mshikio, likapelekwa kisimani. Lilikuwa jepesi na rahisi kupatikana, lakini mdomo wake ulikuwa na upana sawa na wa kopo lenyewe. Vumbi liliingia. Majani yaliyowekwa juu ili maji yasimwagike yaliingia. Vidole vya kila aliyechota kwa kikombe viliingia pia.

Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza huko Afrika Kaskazini lilibeba petroli katika makopo membamba ya aina hiyohiyo, nayo yalivuja na kupasuka kiasi cha kupoteza mafuta mengi njiani. Wajerumani walikuwa na chombo bora: kopo la chuma la lita 20 lililobuniwa mwaka 1937, lenye pande bapa zinazopangika vizuri, mdomo mwembamba, kifuniko cha kubana kisichohitaji kifaa cha kufungulia, na mishikio mitatu juu. Mtu mmoja hulibeba kwa mshikio wa katikati, wawili hushirikiana kwa mishikio ya pembeni, na makopo matupu mawili hushikika kwa mkono mmoja. Waingereza na Wamarekani walilinakili, na baada ya vita umbo lake likaenea duniani kote. Dumu la plastiki la njano lililofungwa leo kwa mipira ya tyubu kwenye keria ya baiskeli katika wilaya ya Kyerwa, jirani na Karagwe, limerithi ujazo wake na mdomo wake, ingawa lenyewe aghalabu liliingia sokoni likiwa na mafuta ya kula.

Mdomo mwembamba wa namna hiyo umewakinga watoto. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi iliyowahifadhi wakimbizi kutoka Msumbiji, watafiti waliwapa baadhi ya wenye kaya ndoo za lita 20 zilizofunikwa, zenye tundu dogo tu juu na mdomo wa kumiminia, huku wengine wakiendelea na ndoo zao za kawaida. Wote walichota mahali pamoja. Katika ndoo mpya vimelea vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa asilimia 31. Maji yalikuwa yakichafuka baada ya kuchotwa, na aliyeyachafua ni mkono uliozama ndooni.

Mwaka uliofuata mtihani wa maji uliufikia mkoa wa Kagera wenyewe, ambamo Bukoba, Karagwe na Kyerwa zimo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi zikafunguliwa huko, na baadaye Karagwe pia. Kuwapatia maji watu wengi kiasi hicho, mahali pasipo mabomba, kuliwalazimisha wahandisi kuhesabu kila lita na kila chombo. Tathmini za msaada wa miaka hiyo ndizo zilizochochea mradi wa Sphere, ulioanza mwaka 1997 na kuandika viwango vya chini vya huduma kwa waliokumbwa na maafa: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na kila kaya iwe na vyombo viwili vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kuhifadhia.

Kanuni hiyo ya vyombo viwili ndiyo ya kwanza kwa mwenye gari. Dumu linalokwenda bombani, likakaa kwenye tope na kupanda bodaboda, lisiwe ndilo linalokaa jikoni na kunywewa. Tangi lako ni chombo cha kuhifadhia. Dumu ni la kuchotea na kubebea tu, na likishamiminwa lirudi nje.

Kuchagua dumu na kuliosha

Nunua madumu yako mwenyewe kabla ya safari. Mawili ya lita 20 yanatosha kwa gari moja, na ukiongeza la lita 10 litamfaa asiyeweza kunyanyua kilo 20. Chagua yaliyotengenezwa kwa plastiki ngumu ya vyombo vya chakula. Ukiyageuza utaona chini pembetatu yenye namba 2. Lililokuwa na mafuta ya kula linafaa likioshwa vizuri kwa maji moto na sabuni. Lililowahi kubeba dizeli, petroli, mafuta ya taa, au dawa ya kunyunyizia kahawa na nyanya halifai hata ukilisugua mwezi mzima, kwa sababu plastiki hunyonya kemikali na kuziachia ndani ya maji polepole. Katika wilaya za kilimo kama hizi, usikubali dumu la kuazima ambalo hujui lilibeba nini. Ukiwa na shaka, lijaze maji, lifunge, uliache juani kutwa, kisha ulifungue na kunusa. Harufu ya dawa au ya mafuta ikijitokeza, libakie kuwa la kumwagilia maua. Ila tahadhari: kuna sumu zisizo na harufu, kwa hiyo pua peke yake isihalalishe dumu la mtu usiyemjua.

Madumu ya mafuta ya gari yawe na rangi nyingine kabisa na yakae upande mwingine wa gari. Usitegemee maandishi ya kalamu. Usiku, mvua ikinyesha, mtu aliyechoka hasomi maandishi, anashika rangi.

Ndani ya dumu linalotumika kila siku huota utando wa utelezi. Huo ni makazi ya vijidudu, na dawa ya klorini hupata tabu kuupenya. Vijijini watu huuondoa kwa mchanga au kokoto ndogo: wanatia pamoja na maji ya sabuni, wanatikisa kwa nguvu, wanamwaga na kusuuza. Njia hiyo inafanya kazi. Tumia kokoto laini kuliko mchanga mkali, maana mchanga huikwaruza plastiki, na ndani ya mikwaruzo utando hurudi haraka. Dumu linalopitisha mwanga likikaa juani na maji huota ukijani. Lifunike au lihifadhi kivulini.

Kifuniko kina thamani sawa na dumu. Barabarani utaona madumu yaliyozibwa kwa gunzi la mahindi, kiazi au kipande cha ndizi mbichi. Mbebaji anazuia maji yasimwagike, naye amefaulu. Lakini kizibo hicho kimetoka ardhini na kinagusa maji moja kwa moja. Beba vifuniko vya ziada vya kuzungusha, na ukimkuta anayekuletea maji hana kifuniko, mpe kimoja kiwe chake.

Kuuliza kabla ya kuchota

Maji ya Karagwe na Kyerwa yana vyanzo vya namna nne, na kila kimoja kina masharti yake.

Cha kwanza ni bomba la mtandao au kituo cha kuchotea. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndivyo vinavyoendesha vituo na kukusanya malipo. Hapo ndipo pa kwenda kwanza. Lipa bei ileile wanayolipa wenyeji, panga foleni, na uliza kama maji yametiwa dawa.

Cha pili ni chemchemi. Tofautisha iliyojengewa, ambayo maji hutoka katika bomba lililopachikwa ukutani, na iliyo wazi, ambayo watu huzamisha madumu. Katika hiyo ya pili kila dumu linaloshushwa linaosha kitako chake ndani ya maji ya wote.

Cha tatu ni maji ya mvua kutoka kwenye paa la bati. Ni mazuri iwapo mvua ya mwanzo, iliyosafisha vumbi na vinyesi vya ndege juu ya bati, haikuingia tangini. Mwenye nyumba anajua, muulize.

Cha nne ni mito, maziwa na mabwawa. Mto Kagera una udongo mwingi, na kingo zake ni za viboko na mamba. Usishuke huko na dumu kwa ajili ya kuokoa muda. Chemchemi za maji moto za Mtagata, zilizoko Kyerwa na ambazo Henry Morton Stanley alizitembelea mwaka 1876 alipokuwa mgeni wa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe, watu huziendea kwa ajili ya kuoga na kutafuta nafuu ya maradhi. Ziache kwa kazi hiyo.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Mgeni hafiki kwenye foleni ya maji akanyoosha dumu. Anasalimia kwanza. "Shikamoo mama. Samahani, naomba kuuliza, maji haya ya kunywa mnachota hapahapa, au mna sehemu nyingine?" Swali hilo, lililoulizwa kwa adabu, hukupa habari nyingi kuliko kipimo chochote ulichobeba. Mahali pengi watu huwa na maji ya kufulia na maji ya kunywa, na wanajua bomba lipi hutoka tope baada ya mvua. Usipouliza utaonyeshwa maji yaliyo karibu, kwa sababu hukusema unayatakia nini.

Maji yakiwa na tope, usiyatie dawa wala kuyamimina tangini hivyohivyo. Yaache dumuni usiku kucha yatulie, kisha mimina yaliyo juu polepole na kuacha mashapo chini. Shabu kidogo huharakisha kutulia. Kuchuja kwa kitambaa pia kunasaidia kuliko wengi wanavyodhani: huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanakijiji waliochuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vimelea vya kipindupindu hushikamana na viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Khanga kuukuu, safi, iliyokunjwa mara nne, ina nafasi yake katika gari. Kuchuja hakuui vijidudu vyote. Kunaandaa maji yapokee dawa.

Dawa iwekwe dumuni

Wasafiri wengi hujaza tangi kwanza, kisha hukadiria dawa ya kutia. Fanya kinyume chake. Vidonge vya kutibu maji vinavyouzwa madukani na kwenye maduka ya dawa, kama Waterguard, kwa kawaida hupimwa kidonge kimoja kwa dumu la lita 20 la maji maangavu. Dumu lenyewe ni kipimo chako. Tia kidonge, funga, tikisa, subiri dakika 30, ndipo umimine. Soma maelekezo ya pakiti, maana nguvu za vidonge hutofautiana.

Faida ya utaratibu huu ni tatu. Kiasi cha dawa kinakuwa sahihi, kwa kuwa unajua lita zako. Maji yanapoingia tangini tayari yameshatibiwa, hivyo hayaingizi kitu kipya kwenye yaliyomo. Na dumu likitia shaka baada ya nusu saa, kwa harufu au rangi, unalimwaga hilo moja na manne mengine yanabaki salama. Shirika la Afya Duniani linataka maji yaliyotiwa klorini yabaki na angalau miligramu 0.5 ya klorini huru kwa lita baada ya nusu saa. Harufu hafifu ya dawa baada ya muda huo ni dalili njema, na vijikaratasi vya kupimia vinakupa uhakika zaidi.

Ukipendelea kuchemsha, usitishwe na urefu wa vilima. Katika mwinuko wa mita 1,600 hivi maji huchemka kwenye nyuzijoto 95, si 100, lakini yakitokota kwa nguvu dakika moja vimelea vya maradhi vimekufa. Tatizo la kuchemsha ni kuni, gesi na muda, na maji yaliyochemshwa hayana kinga yakiguswa tena. Chemsha ya kunywa kwa siku. Ya tangini yatie dawa.

Tangi lenyewe huoshwa kabla ya safari na kila baada ya kukaa muda mrefu. Kwa tangi la lita 100 tia mililita 150 za dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye klorini ya asilimia 3.5, lijaze maji, fungua koki mpaka harufu ifike kila mfereji, funga, uliache saa nne au usiku kucha. Kisha mwaga yote na suuza mpaka harufu iishe. Usichanganye dawa hiyo na siki wala sabuni ya aina nyingine, maana mchanganyiko unaweza kutoa hewa ya sumu.

Kumimina

Sasa dumu liko kando ya gari. Osha mikono kwa sabuni. Futa mdomo wa dumu na eneo la kuzunguka mlango wa tangi, kwa kuwa barabara za udongo mwekundu huacha vumbi hapo, na tone la kwanza litalisukumia ndani.

Njia rahisi ni faneli. Ukikosa, chupa safi ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako inafanya kazi hiyo. Weka khanga iliyokunjwa juu yake iwe chujio la mwisho. Mtu mmoja ashike faneli, mwingine ainamishe dumu. Wengi huinamisha dumu mdomo ukiwa upande wa chini, maji yanatoka kwa kugugumia na kuruka, nusu yanaishia chini. Ligeuze: mdomo uwe upande wa juu dumu linapolala. Hewa itaingia juu ya maji, na maji yatatoka kwa mkondo mmoja uliotulia. Dumu likishabaki nusu ndipo unaweza kuliinua zaidi.

Njia ya pili ni mpira. Weka dumu juu ya kiti, boneti au paa, mahali palipo juu kuliko mlango wa tangi. Ingiza mpira hadi kitako cha dumu, na upande wa pili uteremke tangini. Maji yakishaanza kupita, yatajivuta yenyewe. Usiyavute kwa mdomo, kwani unatia mate yako kwenye maji ya watu wote. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole safi, kisha zamisha moja na kuiachia nyingine. Au nunua mpira wenye kivalvu cha gololi kwenye ncha, ambao hutikiswa tu na maji yakaanza kutembea. Mpira huo uwe wa maji ya kunywa, ukaushwe kila baada ya kazi, ufungwe ncha zake, usiguse ardhi.

Njia ya tatu ni pampu ndogo ya umeme wa volti 12 inayozamishwa dumuni. Inamfaa mwenye mgongo mbovu na mwenye gari refu, na hakuna kunyanyua kitu.

Kwa njia zote, tangi linahitaji kupumua. Maji yakirudi juu na kukumwagikia ilhali tangi halijajaa, tundu la hewa limeziba, mara nyingi kwa vumbi au kiota cha mdudu. Lizibue na ulivishe wavu mwembamba.

Ukimaliza, andika kwenye daftari la gari: tarehe, mahali, madumu mangapi, dawa gani. Mtu akiumwa tumbo siku mbili baadaye, daftari litamsaidia daktari kujua maji yalitoka wapi.

Uzito na vilima

Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijaa ni kama kubeba watu wazima wawili wembamba, na madumu mawili ya akiba yanaongeza kilo 40. Barabara za Kyerwa zinapanda na kushuka, zina kona na utelezi wakati wa masika. Tangi likae chini, karibu na ekseli. Madumu yaliyojaa yasiwekwe juu ya paa, maana gari huyumba. Tangi lililo nusu husukasuka na kulisukuma gari kwenye kona, kwa hiyo kama una safari ndefu ya vilima, ama lijaze au libebe kidogo tu. Kabla ya kupanda kilima kirefu kwenda mahali penye kituo cha maji, hakuna sababu ya kubeba lita 100 kutoka bondeni.

Maji haya ni ya nani

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu wa kijijini kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 toka nyumbani. Kwa kipimo hicho, tangi lako la lita 100 ni mgawo wa siku nzima wa watu wanne. Wala si kila nyumba imefikiwa na lengo hilo. Wapo wanaotembea mbali zaidi na kurudi na pungufu ya hizo 25.

Upungufu huu hausababishwi na ukame wa mawingu. Chukua nyumba ya bati yenye paa la mita 8 kwa 10. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka huangusha lita 80,000 juu ya paa hilo. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 64,000, yaani madumu 3,200. Kinachokosekana ni pa kuyaweka. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambacho wenyeji hukiita ekyanda, familia ya watu sita kwa lita 25 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 13,800. Simtanki la lita 1,000 linajaa kwa mvua chache na kufurika masika yote, halafu kiangazini linaisha kwa wiki moja. Ndiyo maana kazi ya shirika la MAVUNO la Karagwe, ambalo kwa kushirikiana na Wahandisi Wasio na Mipaka wa Ujerumani limejenga matangi makubwa ya maji ya mvua, ina maana sana. Ndiyo maana pia watu wa Kayanga na Omurushaka wameufuatilia kwa karibu mradi wa maji wa Ziwa Rwakajunju, sehemu ya mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa mwaka 2022.

Kwa msafiri, hesabu hizo zinazaa wajibu. Jaza tangi mahali maji yanapouzwa kwa utaratibu, Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, kabla ya kuingia vijiji vya mbali na hifadhini. Usichote chemchemi ya kijiji asubuhi na jioni wakati foleni ni ndefu, nenda mchana. Kijana akikuletea maji kwa baiskeli, lipa kazi ya kupanda mlima pamoja na maji, maana mlima ndio uliomchosha. Wakati wa ekyanda, oga kwa beseni, osha vyombo kwa maji kidogo, na tangi moja litakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Mwenye nyumba akikukirimia maji ya tangi lake la mvua mwezi Agosti, pokea dumu moja kwa shukrani na usiombe la pili.

Anayefuata haya anapata mambo mawili kwa kazi moja. Anakunywa maji salama huko Ibanda, na hajamnyima mtu wa Nkwenda yake.